Marehemu Yuko Kiseke

Mama yangu alikufa kwenye pakiti ya dagaa. Ndivyo nilivyopata habari mimi, binti yake wa kwanza, niliyekuwa nimemwacha asubuhi hiyo hiyo nyumbani kwangu Kiseke akimtukana jirani kwa sababu ya kuku. Pakiti mpya zilikuwa zimeshushwa kiwandani, nikafungua katoni moja nizikague, nikakutana na uso wake. Kilemba cheupe, kichwa kimeinama kama mtu wa maombi, na chini yake kwa rangi ya dhahabu: "Dagaa wa Bibi Getruda. Ladha aliyotuachia." Nikageuza nyuma. Huko nyuma palikuwa na hadithi nzima, kwamba kabla Bibi hajafumba macho alimwita mwanawe Jonathan kando ya kitanda, akamshika mkono, akamnong'oneza siri ya dagaa wake.

Kumnong'oneza! Mama yangu? Yule ambaye akikohoa tu mtaa wa pili wanajua ameamka?

Nikapanda ngazi mpaka ofisini, pakiti mkononi. Jonathan ni mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye mwenye kiwanda, na mimi ni msimamizi wake wa ufungashaji. Alikuwa amekaa na Precious, yule binti aliyemleta kutoka Dar kwa ajili ya mambo ya chapa. Nikaitupa pakiti mezani ikaangukia kwenye kompyuta yao.

"Jonathan, mama amekufa lini?"

"Dada, funga mlango kwanza."

"Sifungi. Amekufa lini? Maana mimi nimemwacha anakunywa uji."

Precious akanyanyuka kwa adabu zake zote. "Shikamoo, dada Dorotea."

"Marahaba. Nijibu wewe basi, kama huyu hana mdomo."

"Hakuna mahali tumeandika kwamba amefariki," akasema. "Tumeandika 'aliyotuachia'. Tumeandika 'kabla hajafumba macho'. Mtu anafumba macho kila siku akilala, dada."

Nilimtazama yule mtoto nikasema moyoni, kumbe shule inaweza kumfikisha mtu hapa. Ningemzaba kibao. Sikumzaba, na mpaka leo najilaumu.

Ngoja nikueleze ilikoanzia, usije ukadhani mdogo wangu alizaliwa hivyo. Jonathan alirudi Mwanza kutoka Dar akakodi ghala hapo Kirumba, juu kidogo ya soko la Mwaloni, akaanza kukaanga dagaa na kuwafunga kwenye mifuko mizuri. Jina la kwanza lilikuwa la Kizungu na halikumvutia mtu. Ndipo akaja Precious akamwambia watu hawanunui dagaa, dagaa wamejaa tele pale chini, watu wananunua hadithi. Akauliza, nyumbani kwenu nani alikuwa anafanya kazi hii? Jonathan akamwambia, mama yetu aliwaanika dagaa maisha yake yote. Binti akapiga makofi. Siku ya pili akaja Kiseke na kamera.

Mama alivaa kitenge chake kizuri akaketi. Precious akamwambia, bibi, tusimulie ulivyokuwa ukiandaa dagaa kwa upendo, na siri uliyompa Jonathan. Mama akamkazia macho.

"Upendo gani? Hao dagaa nimewachukia mpaka leo. Nimeanika kwa sababu baba yao alikuwa mlevi na watoto wanataka kula. Jua linakuchoma, kunguru wanaiba, mvua ikinyesha umepata hasara. Siri? Siri ni chumvi. Na huyu Jonathan muulizeni, alishika karai lini? Alikuwa anapita njia ya nyuma akitoka shule, akiona haya kuitwa mtoto wa muuza dagaa. Andika hiyo."

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Jonathan hakucheka. Alitoka nje akasimama kwenye gari, na Precious akafunga kamera yake taratibu. Wiki chache baadaye ndiyo zikaja pakiti. Ukiniuliza mimi, siku ile ile kwenye gari ndipo walipomuua. Mama aliye hai alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukufaa kwa biashara.

Kwa hiyo pale ofisini nilimwambia Jonathan waziwazi, "Umemuua mama kwa sababu alisema kweli."

"Hadithi ya chapa siyo cheti cha kifo, dada. Kila kampuni ina hadithi yake. Mama hasomi pakiti. Nani ataumia?"

"Mimi naumia."

"Basi umia kimya kimya," akasema, "maana mshahara wako unatoka kwenye hiyo hadithi."

Nilishuka ngazi kwa hasira. Sikuacha kazi. Nina watoto wawili chuoni, na hasira hailipi ada. Mama sikumwambia pia. Ungemwambiaje mzazi jambo kama lile?

Hadithi ikaota mizizi. Ukutani wakaandika kwa herufi za urefu wa mtu: "BIBI ANGEFANYAJE?" Kila asubuhi, kabla majiko hayajawashwa, wafanyakazi wote walisimama uani mikono kifuani, mmoja akasimulia jinsi Bibi alivyoamka kabla ya jogoo, jinsi ambavyo hakula mpaka watoto washibe, jinsi alivyomnong'oneza Jonathan. Kisha wananyamaza kidogo kwa heshima yake. Mfanyakazi mpya hapewi gambuti mpaka aijue hadithi kwa moyo. Ukichelewa unaambiwa Bibi hakuchelewa. Ukiomba kwenda kula mapema unaambiwa Bibi alikula wa mwisho. Mama yangu! Mama yangu akicheleweshewa chakula cha mchana anagonga sufuria kwa mwiko mpaka majirani wanakuja kuuliza kulikoni.

Nusu ya wale watu wanamjua. Wengine amewahi kuwatukana hapo sokoni kwa majina ya baba zao. Wakasimama tu, wakafumba macho, wakamwombea. Yeremia, aliyekuwa jikoni, ndiye peke yake aliyeuliza: "Bosi, mbona Bibi nilimwona Jumapili kanisani?" Watu wakaangua kicheko. Yeremia akaondolewa wiki hiyo hiyo, akaambiwa hayaishi maadili ya Bibi. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena.

Na jambo lililokuwa likinichanganya ni hili: Jonathan alikuwa analia. Kila asubuhi wakifika pale pa kitandani, machozi yanamtoka, machozi ya kweli, nakuapia. Nilimtazama nikitafuta unafiki nikaukosa. Yule mama wa kwenye hadithi alimpenda kwa dhati. Alikuwa mpole, alimshika mkono, hakumkumbusha njia ya nyuma. Huyu wa Kiseke alikuwa hajaenda kumjulia hali tangu siku ya kamera.

Kisha wakatoa video. Ilizunguka kwenye simu za watu Mwanza nzima ndani ya siku moja. Jonathan kapiga magoti kwenye kaburi huko Sengerema, anaweka maua, anafuta machozi, muziki unalia kwa chini. Mimi sikuwa nimeiona. Nilikuwa nyumbani siku hiyo, Jumamosi, mama yuko sebuleni anakula ugali na sato, mara nikasikia vilio getini. Vilio vya msiba kabisa, vile vya kushika kichwa. Kufungua, ni akina mama wa Mwaloni, wameteremka kwenye bajaji, kanga kiunoni, mmoja ana mfuko wa unga, mwingine ana mzigo wa kuni. Mbele yao Mama Ndalahwa, mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana. Yeye na mama wameanika dagaa kwenye mchanga mmoja tangu ujana.

"Dorotea! Dorotea mwanangu, hata kutuambia? Mmemzika Sengerema kimya kimya kama mwizi? Tumekukosea nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akatokea mlangoni na mkono wake wa kulia umejaa ugali.

"Nani kafa?"

Yesu! Mmoja alirusha unga, mwingine akakimbilia barabarani na kuni zake. Mama Ndalahwa alikaa chini pale pale, akamwonyesha kidole.

"Wewe," akasema. "Umekufa wewe."

Ungedhani mama angecheka. Thubutu! Kwanza aliwahesabu kwa macho, akauliza kwa nini wale wa chama wanaokaa Igoma hawakuja kumlilia, na kama ndivyo, michango yao ameichukua nani. Wakaanza kucheka wao, wakamshika mikono na mashavu wahakikishe. Ndipo Mama Ndalahwa akatoa simu akamwonyesha video.

Mama aliiangalia ameishika simu mbali kidogo, kama anavyoshika Biblia. Nikaona uso wake unabadilika. Nilisogea nikatazama na mimi, nikaelewa. Lile kaburi nalijua. Ni la bibi yetu Evelina, aliyemzaa mama. Wameegesha kibao kipya mbele ya msalaba wake, kimeandikwa Getruda, na jina la bibi limefunikwa na maua.

Mama akairudisha simu. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Amechukua kaburi la mama yangu," akasema, "akaniweka mimi."

Tulikaa. Wale mama wakapika ule unga waliouleta, maana ungefanywa nini? Walipomaliza kula mama akaniita.

"Nenda kamwambie mdogo wako. Mimi sitaki pakiti zibadilishwe. Sitaki anijengee nyumba. Aseme mbele ya watu, kwa mdomo wake, kwamba mama yake mzazi yuko hai, anaitwa Getruda, anakaa Kiseke. Basi. Akisema hilo nimemsamehe yote."

Jumatatu nilimpelekea Jonathan ujumbe neno kwa neno. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Alhamisi anakuja Bi Kausar," akasema. "Unamjua. Ana maduka hapa, Shinyanga, Dodoma mpaka Dar. Anataka dagaa wetu kwenye maduka yote. Unajua kwa nini? Mama yake alifariki mwaka jana. Aliona video yetu akanipigia simu analia. Sasa nimwambie nini, dada? Kwamba mimi wangu yupo, anapika mihogo?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

"Ataniona tapeli."

"Na wewe ni nani?"

Akasimama. Jonathan ni mrefu, na akikasirika hujinyoosha ili uinue shingo kumtazama. "Wafanyakazi wote hawa wanakula kwa sababu ya ile hadithi. Wewe unataka niibomoe kwa sababu ya wivu wa kizee kimoja."

"Umesema nini?"

"Umenisikia."

"Rudia, Jonathan. Kizee gani?"

Hakurudia. Precious alikuwa ameinamia simu yake, anajifanya hayupo. Mimi nikamwambia mdogo wangu kwamba siku atakayomzika mama kweli asithubutu kusimama karibu na mimi, nikatoka. Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, isipokuwa lile neno. Mama akaniuliza, "Alhamisi saa ngapi?"

Alhamisi uani palipambwa. Turubai jeupe, viti vyenye vitambaa, picha kubwa ya marehemu aliye hai imewekwa mezani na mshumaa mbele yake. Bi Kausar akaja na gari lake, mama wa makamo, mtandio wa kijani, familia yao iko Mwanza tangu enzi za babu zake na anasalimia kwa Kisukuma kizuri kuliko cha wanangu. Wafanyakazi wakasimama mistari, wakasimulia. Walipofika pale pa kunong'onezwa Jonathan akalia, na Bi Kausar akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikamwonea huruma. Yeye alikuwa na msiba wa kweli.

Ndipo vilio vikaingia getini.

Wale mama wa Mwaloni walikuja wote, hata wale wa Igoma safari hii. Kanga viunoni, mikono kichwani, wanalia "Getruda wee! Umetuacha na nani!" Wakafika katikati ya ua wakakaa chini, miguu wameinyoosha. Katikati yao kuna mmoja amejifunika kanga usoni.

Sasa wewe kama ni mtu wa huku utanielewa. Sisi mtu akifa hakuna anayeshika jembe. Hata uwe na shamba la pamba linaloharibika, kilio kikilia unaacha, unakwenda kukaa na wenzako. Wale wafanyakazi walikuwa wamesimulia kifo cha Bibi kila asubuhi wala hakikuwagusa, yalikuwa maneno tu ya kazini. Lakini kilio ni kitu kingine. Waliposikia kile kilio, miili yao ikatii yenyewe. Mmoja akaenda kuzima majiko. Wanaume wakaanza kutoa viti ili wanawake wakae kwenye mikeka. Mtu akauliza kuni ziko wapi. Mashine za kufungia zikazimwa moja baada ya nyingine mpaka kiwanda kizima kikawa kimya, na nje kikabaki kilio tu.

"Nani kawaambia wazime?" Jonathan akasema. Precious alikuwa amefurahi kupita kiasi, ameshika simu juu anarekodi. Alidhani Jonathan ndiye aliyewaandaa. Bi Kausar naye akavua viatu akaenda kukaa mkekani na wale mama.

Mama Ndalahwa akasimama. "Sisi ni wenzake marehemu. Tulisikia msiba kwenye simu, kama watu baki. Hatukulia, hatukukaa matanga, na mtu wetu hajamalizwa kwa desturi. Leo tumekuja kumaliza."

Yule aliyejifunika akaondoa kanga usoni.

Nilisikia wafanyakazi wakivuta pumzi. Mama akanyanyuka taratibu, magoti yanamsumbua, akaenda kusimama mbele ya mwanawe. Picha yake kubwa iko nyuma ya Jonathan, yeye yuko mbele yake. Hata kipofu angeona ni mtu mmoja.

"Jonathan," akasema. "Mimi ni nani?"

Asubuhi hiyo nyumbani, kabla sijaondoka kuja kazini, mama alikuwa ameniambia, ameushika mkono wangu: "Hawezi. Nikisimama mbele yake hataweza. Nimemzaa mimi." Nami nilimwamini. Nilimtazama mdogo wangu nikasema moyoni, sema, mpumbavu wewe, sema tu mama.

Bi Kausar akauliza kutoka mkekani, kwa upole kabisa, "Jonathan, baba, huyu mama ni nani kwako?"

Akamgeukia Bi Kausar. "Ni mama mdogo," akasema. "Mdogo wake marehemu. Wanafanana sana."

Nilitoka mstarini. Sijui nilikuwa nakwenda kumshika wapi, shingoni labda. Mama akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Dorotea, rudi. Nyamaza."

"Mama..."

"Nimesema nyamaza."

Akamtazama Jonathan tena. Macho yake yalikuwa yamekauka. "Vizuri," akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Mimi ni mama mdogo. Basi msiba huu ni wangu pia. Na kwetu mtoto akifiwa na mama yake ananyolewa nywele ndipo tanga linaisha. Huyu mbona ana nywele?"

Mama Ndalahwa akafungua pindo la kanga akatoa wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Mtu akaleta bakuli la maji. Mama akaonyesha kigoda kilichokuwa hapo.

"Nani wa kumnyoa kama si mama mdogo? Kaa hapa, Jonathan. Ukikaa, umefiwa, tutakunyoa tukupe pole twende zetu. Na kama hujafiwa, usikae. Sema."

Nywele za Jonathan, nakwambia, alikuwa anazipeleka kwa kinyozi kila Ijumaa. Lakini si nywele zilizomtia jasho. Kumnyolea mzazi aliye hai ni kumzika kwa mkono wako, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo, isipokuwa Precious na Bi Kausar. Wafanyakazi waliacha kumtazama mama, wakamtazama yeye. Mmoja wa wazee wa stoo akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, usikae."

Jonathan alitazama kigoda. Akaitazama simu ya Precious. Akamtazama Bi Kausar pale mkekani, miguu mitupu, machozi bado yako mashavuni. Kisha mdogo wangu akapandisha suruali magotini isikunjike, akakaa.

Mama akalowesha mkono majini akampaka kichwani. Akaanza kunyoa kutoka kwenye paji la uso. Alinyoa polepole mno. Mwanzoni nilidhani ni mikono ya uzee, kisha nikajua anampa nafasi. Kila akimaliza mstari mmoja anasimama, anasuuza wembe, anangoja. Mdomo wa Jonathan uko pale, karibu kabisa na mikono yake, neno moja tu lingetosha. Anangoja. Hakuna neno. Anaendelea. Jonathan alifumba macho, machozi yakamtoka yakachanganyika na maji, na bado hakusema. Nilimchukia pale jinsi ambavyo sijawahi kumchukia mtu, na nililia kwa sababu nilikuwa nimembeba mgongoni yule.

Alipofika kisogoni mama alisita kidogo. Zilibaki nywele chache tu nyuma ya sikio. Akainama, akamwambia kitu ambacho mimi nilikisikia kwa kuwa nilikuwa nimesogea: "Hizi ndizo za mwisho, Jonathan."

Jonathan akaitikia kwa kichwa, kwamba maliza.

Akamaliza. Akakiosha kile kichwa chote, akakikausha kwa kanga yake kama anavyokausha mtoto mchanga, masikioni, shingoni. Nywele akaziokota kutoka chini mpaka ya mwisho, akazifunga kwenye karatasi, akampa Mama Ndalahwa akazitupe.

"Tanga limekwisha," akasema. "Rudini kazini."

Hakuna aliyerudi. Walisimama vilevile wakiangalia chini. Bi Kausar alivaa viatu, akaja akamshika Jonathan mkono wake kwa mikono yote miwili, akamwambia hajawahi kuona heshima kama hii kwa mzazi, na kwamba watu wake wataleta mkataba kesho. Precious alikuwa analia huku anarekodi. Baadaye niliiona ile video, watu maelfu wameipenda.

Nilimshika mama mkono tukaelekea getini. Nilimwambia mimi siku hiyo ndiyo ya mwisho kuingia mle ndani, akasema sawa. Tulikuwa tumeshafika kwenye bajaji, viatu vya Jonathan vikasikika nyuma yetu vinakimbia kwenye kokoto. Kichwa chake kinang'aa, kina mchubuko mdogo sikioni. Alionekana mdogo sana.

"Subirini," akasema chini chini. "Mama, subiri. Nitawapeleka na gari."

Mama akageuka. Bi Kausar alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma yake, anangoja kumuaga, na Jonathan alijua yupo. Mama alimpa mwanawe mkono, kwa adabu, kama unavyompa mtu uliyemkuta msibani usiyemjua.

"Pole kwa msiba, baba," akasema. "Pole sana kwa kufiwa na mama."

Nilimwona Jonathan akimtupia Bi Kausar jicho. Kisha akaupokea ule mkono.

"Nimeshapoa," akasema.